Mtalii Aliyetafuta Mwanga

Abiria walishuka kwenye ndege kama watu walioamshwa usingizi haujaisha, wakaingia kwenye ujia mrefu wenye zulia la kijivu. Zulia lilimeza vishindo vyote vya miguu. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa vioo kuanzia chini hadi juu, na nje ya vioo asubuhi ndiyo kwanza ilikuwa inajipanga: mwanga mweupe, laini, usio na jua bado, umetanda juu ya ndege zilizolala kimya. Mtoto mchanga alikuwa anaota begani kwa baba yake. Sauti ya mwanamke ilitoka darini ikawaomba wote waandae pasi zao, ikaomba kwa upole kiasi kwamba hakuna aliyeharakisha.

Mwenye macho makavu alikuwa mmoja tu. Kazini kwao walimwita Chonjo, maana kila askari aliyewahi kwenda naye doria aliambiwa "kaa chonjo" mpaka masikio yakamuuma, na mwishowe jina likamgeukia mwenyewe. Inspekta wa polisi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayedhani amechelewa hata akiwahi. Viza yake ilisema ni mtalii. Ili uongo huo ukae sawa alikuwa amenunua kofia pana ya ukindu, na kikaratasi cha bei bado kilikuwa kinaning'inia kwa nyuma bila yeye kujua.

Alikuwa anamfuata mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizochongwa na miwani ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Tangu walipopanda ndege alikuwa amemwita Bwana Miwani kwa kukosa jina la kuaminika. Kama Chonjo hakukosea, huyu bwana alikuwa marehemu. Na marehemu alikula vizuri ndani ya ndege, tena akaomba mkate wa pili.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mdogo wake Chonjo, kitindamimba wa mama yao, alikuwa gerezani kwa kumuua mtu huyo. Walikuwa na studio ya picha kwa ubia. Siku moja mbia akatoweka, shati lake lenye damu likakutwa kwenye buti la gari la mdogo mtu, na mahakama ikaamini kwamba mwili umetupwa mtoni. Kifungo cha maisha. Ilibaki rufaa moja, ya mwisho, na ilikuwa inasikilizwa wiki hiyohiyo. Wakili alikuwa ameshachoka na maelezo. "Dada, nadharia zimetosha," alimwambia Chonjo. "Niletee huyo mtu akiwa anapumua." Naye bosi wake Chonjo hakutaka hata kulifungua jalada upya. Alisema dada hapelelezi kesi ya mdogo wake, na hapo akawa amemaliza. Basi Chonjo akaomba likizo, akafuata minong'ono, akaombea viza nchi iliyotajwa, na minong'ono ikamfikisha kwenye lango la ndege hii wakati wahudumu wanataka kufunga mlango.

Shida ilikuwa kwamba hakuwahi kumwona. Miaka ile ya studio yeye alikuwa amepangiwa kazi mbali, na mpiga picha siku zote yuko nyuma ya kamera. Nyumbani kwa mama yao kulikuwa na albamu nzima iliyopigwa na mbia huyo, mwenyewe hayumo hata kwa kivuli. Alichokuwa nacho Chonjo ni maneno ya mdogo wake, waliyoongea kupitia wavu wa gereza: mrefu, sauti ya chini, na ana ugonjwa wa kidevu.

"Ugonjwa wa kidevu ndiyo nini?"

"Dada, yule mtu hawezi kuona kidevu kimekaa vibaya mbele ya kamera akakiacha. Atakiinua tu. Hivi." Mdogo wake akakunja kidole cha shahada, akaonyesha mgongo wa kidole hicho. "Hatumii ncha. Zamani ncha zilikuwa na dawa ya kusafishia picha, alikuwa anaogopa kumchafua mteja. Dawa zenyewe siku hizi hazipo, lakini mkono ushazoea."

Chonjo alicheka siku ile. Kisha akalia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Karibu na mwisho wa ujia, maharusi wapya, ambao hata kutembea walikuwa hawawezi bila kushikana mikono, walisimama wakamzuia Bwana Miwani.

"Kaka, samahani, tupige moja," bibi harusi alisema huku anamkabidhi simu.

Chonjo akakaza mwendo. Bwana Miwani alisita kidogo. Aliwashika mabega, akawageuza, akarudi nyuma, akabonyeza. Wale wawili wakaitazama simu, halafu wakatazamana.

"Kaka, vichwa vyetu viko wapi?"

"Mambo haya mimi siyawezi," akasema Bwana Miwani, akicheka kwa aibu. "Na kidole changu nacho kimeingia, ona."

Kilikuwa kimeingia kweli. Chonjo alichungulia kwa pembeni akaona viwiliwili viwili bila vichwa, na kwenye kona wekundu wa kidole. Loo! Mpiga picha gani anakata watu vichwa? Ina maana alikuwa amemaliza likizo yake, akadanganya ubalozi, akavuka anga zima, kumfuata mtu baki aliyejaliwa ndevu. Alimwona mdogo wake upande wa pili wa wavu, na ile shingo yake ilivyokonda, akataka kukaa chini papo hapo juu ya lile zulia.

Hakukaa. Foleni ilikuwa inamsukuma.

Ukumbi wa uhamiaji ulikuwa mkubwa, mrefu kwenda juu, na kimya kama darasa lenye mtihani. Paa lake lilikuwa na madirisha, na mwanga ulishuka kutoka huko ukajikata vipande vya mraba sakafuni, na foleni ilikuwa inasogea kutoka kipande hadi kipande, taratibu, bila mtu kuonekana kunyanyua mguu. Mbele kulikuwa na mstari wa njano, kisha madirisha ya maofisa. Nyuma ya maofisa, mlango wa kioo cha ukungu ulikuwa unafunguka na kujifunga wenyewe. Ukifunguka, unaona kidogo mji wa watu: mti, teksi, mwanamke ameshika maua anamngoja mtu. Ukijifunga, unabaki huna uhakika kama uliviona. Chonjo aliutazama mlango ule mpaka akasahau kusogea, na aliyekuwa nyuma yake akamkoholea.

Hapo ndipo alipogundua jambo. Kila foleni iliposimama, Bwana Miwani alikuwa anahama nusu hatua. Akikuta mwanga unampiga kisogoni, anahama. Ukimpiga usoni, anahama tena, mpaka umjie kwa ubavuni, ndipo anatulia. Labda ni macho tu yanamsumbua. Labda. Chonjo akaamua kuuliza.

"Jua la huku linaumiza macho," alisema.

Bwana Miwani aligeuka. "Halijatoka, mama."

"Wewe unaona litatokea upande gani?"

"Kwani mama umekuja kutalii ama kupima hali ya hewa?" Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo, na tabasamu lake halikuwa baya.

"Kutalii. Na wewe?"

"Kutalii."

"Nyumbani unafanya kazi gani?"

"Nauza vipuri vya magari."

"Na huku unakwenda kuona nini?"

"Ziwa," alisema Bwana Miwani. "Nimeambiwa wana ziwa zuri."

"Ndilo na mimi nililoambiwa," Chonjo akajibu, na akaiweka hiyo akilini, maana mwenyewe hakuwa amejiandaa na jibu lolote.

Alimtazama kucha. Safi. Muuza vipuri hakosi weusi kwenye kucha, ila wapo wauza vipuri wanaokaa kwenye kiti na kutuma watu wengine. Ukitaka kumfunga mtu kwa kucha safi utafunga nusu ya mji. Akaachana na kucha.

Mbele ya Bwana Miwani alikuwepo bibi mmoja, mtu mzima hasa, shingo imeinama kwa miaka, amejitanda shali la rangi ya zambarau. Njia nzima alikuwa amewaambia wahudumu kwamba anakwenda kumwona kitukuu. Zamu yake ilifika. Ofisa wa dirisha hilo alikuwa kijana mwenye sweta la sare na sauti ya mtu anayeongea kutoka chini ya blanketi.

"Bibi, inua uso. Kamera haikuoni."

"Nimeinua, mjukuu wangu."

"Inua kidogo tena."

Bibi akainua macho peke yake. Mashine ikalia, ikakataa. Kijana akaomba tena, bibi akainua macho tena, mashine ikakataa tena.

"Mashine gani hii haitaki watu wazima?" bibi akauliza, na watu kwenye foleni wakacheka kwa sauti za usingizi.

Kijana alinyanyuka, lakini kioo kilikuwa kati yao. Chonjo hakuwa anamtazama bibi. Alikuwa anautazama mkono wa Bwana Miwani uliokuwa umening'inia ubavuni mwake. Vidole vilifunguka. Vikafumba. Vikafunguka. Bwana Miwani alishusha pumzi kama mtu anayemwona mwenzake akifunga vifungo vya shati vibaya. Mashine ilipokataa kwa mara nyingine, alivuka mstari wa njano.

"Shikamoo bibi. Niruhusu kidogo."

Alilikalisha shali sawa. Akalisogeza bega la kushoto mbele kiduchu. Kisha akakunja kidole cha shahada na kukiinua kidevu cha bibi kwa mgongo wa kidole, polepole, mpaka kikafika mahali fulani alipopajua yeye.

"Usinitazame mimi. Tazama ule mlango. Ukifunguka, kitukuu ndiye huyo anaingia. Pumua. Usicheke. Hapo hapo."

Akarudi kinyumenyume, kichwa amekilaza upande, bila hata kutazama anapokanyaga.

Mashine ikakubali. Kijana alitazama picha kwenye kompyuta yake na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaamka kabisa. "Bibi! Umependeza."

"Sijapigwa picha nzuri hivi tangu niolewe," bibi akasema, akapokea pasi yake, akaenda zake kwa kitukuu.

Watu walitabasamu. Chonjo alishika ule mkanda wa kugawanya foleni kwa mikono yote miwili. Furaha ilimpanda kwa nguvu akaogopa atapiga kelele. Huyu si muuza vipuri! Na ile picha ya maharusi? Akairudia akilini taratibu, na safari hii akaona alichokuwa hakukiona. Mtu asiyejua picha angewasimamisha wale wawili kioo kikiwa mgongoni mwao, kwa sababu ndege zinapendeza kwa nyuma, na nyuso zingetoka nyeusi tii. Bwana Miwani aliwageuza. Aliwapa mwanga usoni kwanza, kisha ndipo akaiharibu picha kwa makusudi. Ule mkono ulikuwa umeombwa, ukapata muda wa kujipanga kudanganya. Kwenye kidevu cha bibi haukuombwa na mtu, na haukumngoja mwenyewe.

"Anayefuata!"

Bwana Miwani akasogea kwa kijana. Dirisha la pili yake likawa wazi na Chonjo akaitwa huko. Ofisa wa hapo alikuwa mwanamke mwenye mafua, kitambaa kimoja mkononi na kingine kwenye mkono wa sweta.

"Sababu ya safari?"

"Utalii."

"Utafikia wapi?"

Chonjo akataja hoteli. Angeishia hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini jicho lake moja lilikuwa dirisha la jirani, na mdomo ukaendelea wenyewe kama unavyofanya mbele ya wakubwa wa kazi. "Inatazamana na kituo cha mafuta. Ina mlango wa mbele na mwingine wa nyuma unaotokea uchochoroni. Huo wa nyuma hauna mlinzi."

Ofisa alishusha kitambaa. "Umewahi kulala hapo?"

"Hapana."

"Mlango wa nyuma umeujulia wapi?"

Hapo Chonjo akajiuma ulimi. Mtalii huuliza kama hoteli ina chai ya asubuhi. Polisi ndiye huuliza watu wanatokea wapi.

"Nilipiga simu nikauliza."

"Uliuliza kama mlango wa nyuma una mlinzi." Ofisa aliyatamka neno kwa neno. "Na unakwenda kuona nini huku?"

"Ziwa."

"Ziwa gani?"

"Hilo lenu zuri."

"Mama," alisema ofisa, "hapa kwetu hatuna ziwa."

Chonjo angecheka kama angekuwa na nafasi. Amekopa uongo wa mwongo! Wote wawili wametalii ziwa ambalo halipo. Lakini dirisha la jirani Bwana Miwani alikuwa ameshaweka vidole juu ya kile kioo kidogo cha kuchukulia alama, taa ya kijani imewaka, na kijana wa sweta ameinua muhuri. Nyuma yake mlango wa ukungu ulifunguka. Mti, teksi, maua. Akishapita pale, ndiyo basi. Yeye Chonjo atabaki hapa anaulizwa habari za ziwa, na wiki hii mdogo wake atarudishwa gerezani milele.

"Mimi si mtalii," alisema. "Ni polisi. Na yule bwana hapo pembeni amekufa."

Ofisa akapiga chafya. "Amefanya nini?"

"Amekufa. Kuna mtu kafungwa kwa kumuua. Mzuie, nakuomba, dada yangu, kisha mimi nifanye unavyotaka."

Ofisa akaacha kupangusa pua. Pengine ni neno "dada yangu," au ile sauti iliyokatika katikati. Akagonga kioo cha pembeni kwa kalamu. "Ngoja," alimwambia kijana. Muhuri ukabaki hewani.

Chumba walichopelekwa hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza, viti vilivyofungwa sakafuni kwa boliti, na picha ya maporomoko ya maji iliyofifia mpaka maji yakafanana na pamba. Msimamizi wa zamu alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyekuwa ameshavaa koti la kurudia nyumbani. Alimsikiliza Chonjo mpaka mwisho, bila kumkatiza, akifunga na kufungua zipu ya koti.

"Nielewe vizuri," alisema. "Ushahidi wako ni kidevu."

"Kidevu kimeniambia ni nani. Ushahidi mnao nyinyi."

"Upi?"

"Vidole vyake. Alama za marehemu ziko kwenye jalada la kesi, zilichukuliwa kwenye kamera yake. Sisi tulikuwa nazo siku zote. Tulichokosa ni vidole vya kulinganisha, na yeye sasa hivi ameviweka kwenye kioo chenu kwa hiari yake."

Msimamizi akaacha zipu. "Na zikiwa si zake?"

"Utamwomba radhi, utampa muhuri wake akatalii. Mimi utanifungia viza maisha."

"Wewe umeshajifungia tayari, mama. Umedanganya dirishani." Hakusema kwa ubaya. Akamsukumia simu ya mezani. "Piga."

Chonjo alipiga kwa mtaalamu wa alama, mzee mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Wino. Hakumweleza mengi.

"Uko wapi, Chonjo? Sauti inatoka kama uko kisimani."

"Niko likizo. Zile alama za kwenye kamera, zitume kwenye namba hii ninayokupigia."

"Bosi anajua?"

"Atajua."

"Msalimie mdogo wako," Wino akasema, na akakata, na Chonjo akajua zinakuja.

Wakamleta Bwana Miwani. Alikaa, akakunja nne, akatazama taa ya darini kana kwamba anaipa maksi za chini. Alijibu maswali ya msimamizi kwa upole. Ndiyo, pasi ni yake. Ndiyo, vipuri. Huyu mama hamjui kabisa, labda safari imemchosha, wamhurumie, wampe maji.

"Niruhusu nimuulize moja," Chonjo akasema.

Msimamizi akaashiria kwa mkono.

"Maharusi wale kule ujiani. Kwa nini uliwageuza?"

"Nani?"

"Walikuwa wamesimama ndege zikiwa nyuma yao. Wewe uliwageuza, ukawapa mwanga usoni, halafu ukawakata vichwa. Mtu asiyejua picha hawezi kuharibu nusu tu."

Kwa mara ya kwanza Bwana Miwani alimtazama sawasawa. "Picha mbovu si kosa, mama."

"Na bibi?"

Mkono wa Bwana Miwani ulikuwa juu ya meza, na polepole, kama mtu anayemficha mtoto mtundu, aliuteremsha chini na kuukalia.

Mlango ukafunguliwa. Yule ofisa mwenye mafua aliingia, akamwonyesha msimamizi kitu kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Msimamizi alitazama, akasogeza uso, akatazama tena. Alivua koti lake na kulitundika kwenye kiti.

"Bwana," alisema, "poleni na msiba."

Bwana Miwani alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, yamechoka, na bila miwani alionekana mtu wa kupishana naye njiani na kumsahau.

"Nani kakutuma?" alimuuliza Chonjo. "Ni wale wa pasi? Waambie sikumtaja mtu."

"Sijatumwa na mtu wa pasi. Mimi ni dada yake."

Hakuuliza dada wa nani.

Sasa likabaki la utaratibu, na utaratibu ndio uliomtisha Chonjo kuliko yote. Msimamizi alieleza kwamba kuingia na pasi bandia ni kosa hapa kwao. Mtu anaweza kushtakiwa, kufungwa, kisha ndipo arudishwe.

"Hiyo itachukua muda gani?"

"Miaka. Mahakama zetu nazo zina foleni."

"Wiki hii," alisema Chonjo. "Mdogo wangu anasikilizwa wiki hii. Huyu mtu akibaki kwenu nitawapelekea nini wale majaji? Maneno? Nimewapelekea maneno mpaka nimechoka." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa hana hata aibu. "Mzee wangu, sina hati ya kumkamata, sina bosi, sina chochote. Nina huyu tu."

Msimamizi alimtazama mwenye mafua. Mwenye mafua akatazama ile picha ya maporomoko.

"Kuna njia nyingine," msimamizi akasema hatimaye, "na wala si fadhila, ni kawaida ya kazi yetu. Mgeni akikataliwa kuingia, anarudi na ndege iliyomleta. Hajaingia nchini huyu, muhuri haukugusa karatasi. Nikimkataa, anarudi. Ile ndege inasafishwa sasa hivi na inageuza asubuhi hii hii. Polisi wa kwenu watamkuta mlangoni, kama kuna mtu wa kuwapigia simu."

"Yupo," alisema Chonjo. "Wino yupo."

"Na abiria aliyedanganya sababu ya safari, naye ni hivyo hivyo." Akatabasamu kidogo. "Pole, mama. Ziwa letu hutaliona."

Chonjo alicheka na kulia kwa pamoja. Alichukua mkono wa msimamizi kwa mikono yake yote miwili.

Waliwarudisha kwa ujia ule ule wa zulia. Jua sasa lilikuwa limetoka, na ndege nje zilikuwa zinang'aa. Askari wawili wa uwanja waliwafikisha mpaka mlangoni na kukabidhi pasi zao kwa mhudumu mkuu. Walipewa viti vya nyuma kabisa, Bwana Miwani dirishani, Chonjo kwenye kiti cha njiani, maana bwana huyo akitaka kwenda popote sharti ampite Chonjo. Abiria wapya waliingia wakiwa wametoka kuoga, wananukia sabuni, wanaanza safari zao. Hakuna aliyewatazama mara mbili. Walifanana na mke na mume waliogombana.

"Mdogo wako alikuwa mtu mzuri," Bwana Miwani alisema, uso ameugeuzia kioo.

"Yupo. Si alikuwa."

"Wale niliowatengenezea pasi walitaka kuniua. Ilibidi nife mwenyewe kabla yao. Hakuna anayemtafuta maiti."

"Na wa kukuua ukamchagua yeye."

"Alikuwa karibu," alisema, kwa sauti ndogo. "Hakukuwa na mwingine aliyekuwa karibu hivyo."

Chonjo aliisikia hasira ikimpanda, kali, na kwa muda alitamani kumfanyia lile ambalo mdogo wake alifungwa kwalo. Alishika mikono ya kiti. Ndege ilianza kurudi nyuma taratibu, injini zikanguruma. Kisha akaona mkanda wa yule bwana umelala wazi mapajani mwake.

Aliinama akauvuta. Akaufunga, akaukaza, akaujaribu kwa kuutikisa, akaukaza tena. Alimwita mhudumu, akaomba maji kwa ajili yake, na blanketi, na akauliza kama kuna daktari kati ya abiria, endapo itahitajika. Alipoletewa maji aliyaonja kwanza kabla ya kumpa.

Alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote, na maishani mwake hakuwahi kumtunza mtu hivi.